Mdundo: nyimbo za bure zinazofika hadi kwenye sabufa

Huduma ya muziki wa bure kwa mazingira yetu ipimwe kwa swali moja: wimbo ukishaupakua, unatoka kwenye simu? Audiomack inakuruhusu kuhifadhi nyimbo bila kulipa, lakini zinabaki ndani ya programu yake, huwezi kuzitia kwenye fleshi. Mdundo, iliyoanzia Nairobi na kuingia soko la hisa la Copenhagen mwaka 2020, inakupa MP3 yenyewe. Hiyo utaipiga kwenye sabufa, redio ya gari au kitochi chenye memori kadi, na mwenzako akisema "nirushie" unamrushia. Kwa mtu wa bando la kuungaunga, hapo ndipo thamani yake ilipo.

Badala ya pesa, unalipa kwa kusikiliza tangazo la sauti lililounganishwa mwanzoni mwa wimbo. Halitegemei intaneti, kwa hiyo ukizima data bado litasikika, na wimbo ukirushwa kwa Bluetooth nalo linahama nao. Ndiyo maana limewekwa humo. Mapato ya matangazo hugawanywa na wenye nyimbo, jambo ambalo tovuti za kupakulia kiholela hazilifanyi kabisa, na kwangu hiyo ni sababu tosha ya kulivumilia.

Ila kero ipo. Fleshi ya nyimbo 30 ina matangazo 30, mengine ya ofa zilizokwisha zamani. Ukumbini hali ni mbaya zaidi: watu wamenyamaza wakimsubiri bi harusi aingie, mara spika zinatoa sauti ya tangazo. DJ asikilize kila wimbo mapema na aweke alama ya kuanzia pale ala zinapoingia.

Ubora wa sauti upime kwa ukubwa wa faili. Ubora huo hutajwa kwa kilobiti, yaani kiasi cha data kwa kila sekunde ya sauti: kilobiti 128 kwa sekunde ni karibu MB 1 kwa dakika, hivyo wimbo wa dakika 4 unakuwa kama MB 3.8, kwa kilobiti 320 ungekaribia MB 10. Sabufa ya sebuleni haitakuonyesha tofauti kubwa. Spika za ukumbi zitaonyesha, hasa kwenye matoazi, yanayosikika kama mchanga unamwagwa.

Miksi za DJ ndizo zinazosumbua zaidi kupakua. Miksi ya saa moja kwa kilobiti 128 ni kama MB 58, na mtandao ukikatika Chrome inaacha kipande chenye jina linaloishia na .crdownload. Kubadilisha jina kuwa .mp3 hakusaidii: itapiga mpaka ilipokatikia, kisha kimya. Rudi kwenye orodha ya vilivyopakuliwa ubonyeze kuendelea. Ikigoma, futa uanze upya mahali penye Wi-Fi. Kingine: kama ulichopakua kinaishia na .apk, huo si wimbo, ni programu. Umebonyeza tangazo lililojifanya kitufe cha kupakulia. Futa bila kuifungua.

Kwenye WhatsApp, miksi ndefu itume kama nyaraka, siyo kama sauti. Nyaraka inakubali hadi GB 2. Lakini kama mwenzako ana bando, mtumie kiungo apakue mwenyewe. Wimbo uliorushwa kutoka simu hadi simu hauingii kwenye hesabu ya upakuaji, na malipo ya msanii hutokana na hesabu hiyo.

Fleshi nunua ya GB 16 au 32. Za GB 64 na kuendelea kwa kawaida huja na exFAT, mfumo wa kupanga mafaili ambao sabufa na redio nyingi za zamani hazisomi, mtu akadhani nyimbo ndizo mbovu. Dawa ni kuifomati iwe FAT32, na kufomati kunafuta kila kitu, kwa hiyo hamisha kwanza nyimbo zako kwenye kompyuta.