Mfumo wa "huduma ndani ya bei" wa Danny Meyer: shabaha sahihi, hesabu nzito

Mgahawani, uhasama kati ya wa jikoni na wahudumu wa ukumbini huanzia kwenye malipo, na mfumo huu ulilenga hapohapo. Danny Meyer, mmiliki wa migahawa, aliuanzisha New York mwishoni mwa 2015, kuanzia mgahawa wa The Modern. Bakshishi ikafutwa, bei za menyu zikapandishwa ili ziibebe huduma.

Sheria ya New York hairuhusu bakshishi ya wahudumu kugawiwa wapishi na waosha vyombo. Chakula kikipanda bei, bakshishi inapanda nayo kwa kuwa ni asilimia ya bili, ilhali mpishi anabaki na malipo yaleyale ya saa. Jumamosi mgahawa ukifurika, mhudumu anaondoka na mfuko mzito na mpishi anaondoka na uchovu. Penye pengo kama hilo, vikao vya kuhimiza umoja haviponyi kitu. Kwa kuligusa, mfumo unastahili sifa zote.

Ulilemewa na hesabu. Chukua sahani ya dola 30: bakshishi ya asilimia 20 ni dola 6, kodi ya mauzo ya asilimia 8.875 ni dola 2.66, jumla 38.66. Ukiiweka huduma ndani ya bei, sahani inaandikwa dola 36 na kodi inatozwa juu ya zote 36, jumla 39.20. Tofauti ni senti 54, lakini mteja anayesoma menyu mlangoni anaona 36 huku na 30 kwa jirani. Wahudumu wazoefu nao, waliotegemea bakshishi nono za wikendi, wengi waliondoka. Julai 2020 bakshishi ikarudishwa.

Anayetaka kuziba pengo hilo bila kumnyang'anya mhudumu, atenge fungu la jikoni kutoka kwenye mauzo ya wiki. Asilitoe kwenye faida: faida hukokotolewa ofisini, na wafanyakazi hawaamini hesabu wasiyoiona. Mauzo yakiwa dola 40,000, asilimia 3 ni 1,200. Gawanya kwa saa 480 za jikoni nzima, kila saa inapata nyongeza ya dola 2.50. Mwosha vyombo apate sawa na mpishi, saa zitoke kwenye daftari la zamu, na hesabu ibandikwe jikoni kila Jumatatu. Asilimia hiyo iingizwe kwenye gharama kabla ya kupanga bei. Ikisahauliwa, mwezi mgumu wa kwanza ndiyo itakayokatwa.