Vijana ba Katuba, komine ya Lubumbashi, benye kuongoza kilio bila mahubiri: maoni yangu

Kama mu familia yenu kuko mutu mwenye alisema wazi hataki mahubiri ku kilio chake, itaneni hawa vijana. Shiye tuliwaita juu ya kutosha matanga ya baba mukubwa, mutu wa Gécamines, kampuni ya Leta ya kuchimba migodi, mwenye alitoka mu ile depa volontere (kuacha kazi kwa kupenda) ya 2003 pamoja na benzake zaidi ya 10,000, na kisha pale akakuwa anafundisha batoto ba mutaa hesabu bila kuomba hata franka. Ku kanisa hakukuwa anaenda. Yaya aliogopa sana, asema batu batafikiri tunamutupa.

Kijana mwenye kuongoza hakuuliza dini, aliuliza alifundisha nani, akaenda mwenyewe kubatafuta, mumoja ni mashinisti, mwengine mama anauzisha unga ku soko. Siku yenyewe kila mumoja alisimama akasema kitu chenye baba mukubwa alimuachia, kisha kimya, mwenye kuomba aombe mu roho yake, mwenye haombi akumbuke tu. Hakuna mutu alinyimwa Mungu wake, na yaya njo alilia kupita bote.

Haiko kazi ya ajabu, kule Uingereza Humanists UK, shirika ya batu benye habafuati dini, inafundisha batu ba kuongoza mazishi ya namna hii, na kwetu katiba ya 2006 kifungu 1 inasema Leta (dola) yetu ni layiki, maana haina dini yake, kifungu 22 inapatia kila mutu uhuru wa mawazo na wa dini. Sasa juu ya nini maiti apelekwe kwa nguvu fasi hakupenda akiwa muzima?

Kitu chenye nilipenda zaidi: balitushauri tusinunue bikwembe bya inifomu, ile feza tukanunulia mabanki ya kuikalia mu darasa na vitabu vya hesabu, na asubuhi yake tukafanya salongo (kazi ya bote pamoja) ya kusafisha kanivo, mufereji wa maji wa avenyu, shefu wa kartie mwenyewe akakuja na mpau (chepeo) yake. Hiyo njo kukumbuka mutu kwa kweli!

Sono ilikuwa mubaya, bazee ba nyuma habakusikia. Bei pia inapita nguvu ya mujane, bafikirie bei ya familia ndogo. Na sauti zenye balirekodi mu telefone batume mbio, batoto ba baba mukubwa beko Kolwezi bangali banazingojea.