Soko la Market Square, St. George's: Kungumanga Inunuliwe, Mikufu Iachwe

Mgeni anayefika St. George's, mji mkuu wa Grenada, nchi ya visiwa katika Karibi, huambiwa kwanza habari za bandari yake iliyozungukwa na vilima, kisha habari za ngome, na mwisho kabisa, kama nyongeza, huambiwa kwamba kuna soko. Kwa maoni yangu mpangilio huo ungepaswa kupinduliwa. Nchi hii ya kilomita za mraba 344, ambayo hata bendera yake ina picha ya kungumanga, imejijengea jina kwa viungo, na Market Square ndipo mahali ambapo mtu anaweza kuvinunua kutoka kwa watu wanaovifahamu tangu vikiwa mtini. Ninalitathmini soko hilo kama duka: ni nini kinachofaa kununuliwa, ni nini cha kuachwa mezani, na mnunuzi anahudumiwaje.

Soko liko upande wa mji unaotazama bahari ya wazi. Anayetoka Carenage, yaani upande wa bandari, hulazimika ama kukwea kilima ama kupita Sendall Tunnel, handaki jembamba lililochimbwa mwishoni mwa karne ya 19, ambamo magari na watembea kwa miguu hugawana njia na ambamo ni busara kutembea ukiwa umeambaa ukutani. Siku bora ya kufika ni Jumamosi, na wakati bora ni asubuhi. Ndipo wakulima wa parokia (yaani maeneo ya kiutawala) za mashambani kama vile Saint Andrew na Saint Patrick huteremka na mazao yao, na soko huwa la wenyeji kabla halijawa la watalii: shelisheli, viazi vikuu, ndizi mbichi, na mafungu ya majani ya magimbi yanayokwenda kwenye chungu cha oil down, chakula cha taifa kinachopikwa kwa shelisheli, nyama ya chumvi, manjano na tui la nazi. Katika msimu wa meli za kitalii, unaoanza takriban Novemba na kuishia Aprili, sura ya mahali hubadilika kabisa siku ambayo meli zimetia nanga, kwa kuwa gati lake liko karibu, Melville Street. Siku kama hiyo muuzaji hana muda wa kueleza, bei haiteremki, na meza za mbele hujaa vitu vya ukumbusho vinavyoificha bidhaa yenyewe.

Kuuliza bei nako kuna adabu yake. Mtu hasogelei meza akaanza na "hii kiasi gani?" kabla ya kusalimu, salamu hutolewa, hujibiwa, ndipo biashara huanza. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa jambo hilo, lakini nimewaona wageni wakijibiwa kwa ukavu na kuondoka wakinung'unika kwamba wauzaji ni wakali, ilhali wao ndio waliotangulia kukosa adabu.

Sasa kungumanga yenyewe. Tunda lake ni la manjano, na likiiva hupasuka lenyewe na kuonyesha basibasi, yaani utando mwekundu unaong'aa, uliolikumbatia gamba la rangi ya kahawia iliyokoza. Ndani ya gamba hilo kuna kiini tunachokikuna jikoni. Mama muuzaji niliyesimama mbele ya meza yake alilipanua tunda moja kwa kidole gumba, akaibandua basibasi taratibu bila kuikata, akaniwekea kiganjani ikiwa bado na unyevu. Wekundu ule haudumu. Basibasi ikikauka hugeuka kuwa ya rangi ya machungwa na baadaye hukaribia manjano, kwa hiyo mnunuzi asiikatae iliyokauka kwa sababu tu haifanani na ile aliyoiona pichani.

Ushauri wangu ni kununua kungumanga iliyo ndani ya gamba. Iliyobanguliwa huonekana nadhifu zaidi na huchukua nafasi ndogo, lakini gamba ndilo kinga yake dhidi ya wadudu na dhidi ya kupotea kwa mafuta yanayoipa harufu, na humo kiini hukaa muda mrefu bila kuchakaa. Itikise karibu na sikio: ikigongagonga ndani, imekauka vya kutosha, ikiwa kimya, huenda bado ina unyevu na itaota ukungu ndani ya sanduku la safari. Iliyobanguliwa ikaguliwe kama ina vitundu vya wadudu, kisha ikwaruzwe kwa ukucha. Iliyo nzuri huacha alama yenye mafuta na harufu yake hupanda papo hapo. Kuvunja gamba si kazi, kitu chochote kizito hutosha, na wenyeji hawayatupi magamba hayo, bali huyamwaga kwenye njia za bustani, ambako hutoa mlio mkavu chini ya viatu.

Wapo wanaolalamika kwamba bei imepanda kuliko walivyosimuliwa na waliotangulia, na malalamiko hayo yana maelezo. Hadi mwaka 2004 Grenada ilikuwa ya pili duniani kwa kuzalisha kungumanga, nyuma ya Indonesia. Tarehe 7 Septemba mwaka huo kimbunga Ivan kilikipiga kisiwa na kuiangusha sehemu kubwa ya mikungumanga, na mwaka uliofuata kimbunga Emily kikaja kuongezea. Mti huu hauna haraka: huchukua miaka 5 hadi 8 kabla ya kutoa matunda ya kwanza, na mingi zaidi kabla ya kuzaa kwa wingi, tena mche uliotokana na mbegu haujulikani kama ni dume au jike mpaka utoe maua, hivyo mkulima anaweza kuutunza kwa miaka na kisha akakuta hauzai. Kwa bidhaa iliyopitia hayo, mimi sioni kwamba bei ya sokoni ni ghali.

Ninachokiona ghali ni mikufu ya viungo. Hii ni kungumanga, mdalasini, karafuu, tangawizi, manjano na mbegu za kakao zilizotungwa kwenye uzi, na ndiyo inayonyooshwa mbele ya kila anayeteremka melini. Ukutani inapendeza, na chumba hunukia kwa muda. Jikoni haina kazi, kwa kuwa viungo vyake vimetobolewa na kuning'inizwa juani na vumbini. Vifuko vidogo vya unga vyenye lebo za rangi navyo ningeviacha, kwani kiungo kilichosagwa hupoteza harufu upesi na mnunuzi hana namna ya kujua kilisagwa lini. Unga wa njano unaotajwa kwa jina la zafarani ni manjano. Ni mazoea ya kisiwa wala si udanganyifu, ila anayetafuta zafarani halisi aelewe kwamba hajaipata.

Bidhaa ambayo thamani yake ilizidi matarajio yangu ni madonge ya kakao. Mbegu huchachushwa, hukaushwa, hukaangwa na kutwangwa hadi ziwe uji mzito, huchanganywa na viungo, kisha hufinyangwa kwa mikono na kuachwa zigande. Nyumbani, donge hukunwa ndani ya maji yanayochemka pamoja na mdalasini, yakaongezwa maziwa na sukari, na hicho ndicho kinywaji cha asubuhi cha Wagrenada. Hakifanani na kile cha unga wa kopo: mafuta ya kakao huelea juu yakimetameta na mashapo hubaki chini ya kikombe, hivyo ni vyema kukichuja. Ladha yake ni nzito, yenye uchungu kidogo, na kungumanga hujitokeza mwishoni, baada ya kumeza. Anayependa kakao iliyosafishwa zaidi avuke hadi House of Chocolate, Young Street, ambako huuzwa chokoleti za Grenada Chocolate Company, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1999 na ambayo hutengeneza bidhaa yake kisiwani humo kuanzia mbegu hadi kipande kilichofungwa. Anayeanza nitamshauri ile ya asilimia 71. Ya asilimia 100 haina sukari hata chembe, na wengi huirudisha kwenye karatasi yake.

Fedha ya hapa ni dola ya Karibi ya Mashariki, ambayo tangu mwaka 1976 imefungwa kwa kiwango cha dola 2.70 kwa dola 1 ya Marekani. Wauzaji hupokea zote mbili, na hapo ndipo penye mtego, kwani bei ikitajwa kuwa "dola kumi" bila maelezo, tofauti kati ya dola moja na nyingine inakaribia mara tatu. Ni lazima kuuliza "dola ipi?" kabla ya kufungua pochi, na ni nafuu kulipa kwa noti ndogo za huko. Bei haibandikwi kwenye meza nyingi, na katika huduma nzima ya sokoni hilo ndilo ninalolihesabu kuwa kasoro kubwa, kwa sababu humlazimisha mgeni kupiga hesabu kichwani huku foleni ikimsukuma kwa nyuma.

Jeli na sharubati zinazotengenezwa kwa nyama ya tunda la kungumanga, hasa za kampuni ya De La Grenade, zinastahili nafasi kwenye sanduku kubwa, si mkoba wa mkononi, kwa kuwa kanuni za usalama wa ndege huzuia vimiminika vya zaidi ya mililita 100. Matunda mabichi yaliwe hapohapo, maana nchi nyingi huyataifisha mpakani.

Anayelala Grand Anse, ufuo wenye hoteli nyingi, hana sababu ya kukodi teksi ya kurudia. Kituo cha mabasi madogo kiko Melville Street, na njia namba 1 ndiyo yake. Nauli hulipwa kwa kondakta, na anayetaka kushuka hugonga bodi ya gari. Muziki huwa juu, abiria hubanana, na mfuko wa ununuzi hupakatwa, lakini magari hufuatana baada ya muda mfupi na dereva huongeza abiria hata pale unapodhani hapana nafasi. Jumapili mabasi huwa machache sana na meza nyingi za soko huwa tupu, kwa hiyo mwenye siku moja tu mjini asiipange iwe hiyo.