Kamba ya Katani Niliyouziwa Mbeya Iliniachia Kiti Kikiwa Kimebaki Robo

Nilikusudia kunyamaza hadi hasira ipoe, lakini wiki zimepita, na kila nikipita sebuleni nikakiona kile kiti moyo unachemka upya. Bora niyaseme.

Kiti chenyewe ni cha mninga, alichotuachia baba mkwe. Mbao zake ni nzima hadi leo, hazina hata tundu la mdudu. Kilichokuwa kimekwisha ni kikalio tu, ambacho zamani kiliwambwa kwa kamba za ukindu na baadaye mtu akakipigilia plaiwudi juu yake. Niliamua kukirudishia kamba kwa mikono yangu mwenyewe. Kazi hiyo si ngeni kwangu, kwa kuwa bibi yangu kule Rujewa alikuwa akiwamba vitanda vya kamba, vile watu wanavyoviita teremka tukaze, na sisi wajukuu ndio tuliokuwa tukishika ncha huku yeye akivuta. Kwa hiyo ninaposema kamba ilikuwa mbovu, ninasema ninachokijua.

Nilikwenda kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi jijini, asubuhi ya baridi ile kali ya katikati ya mwaka. Kijana wa kaunta alinipokea kwa heshima: "Shikamoo mama, karibu." Nilimweleza kwamba ninataka katani tupu, nene kama milimita 6, wala si manila, ile kamba ya plastiki, kwa sababu manila huteleza kwenye ubao, fundo lake halikai, na kikalio chake hulegea siku hadi siku kwa uzito wa wakaaji. Akanitolea rola lililofungwa vizuri, rangi yake kama maganda makavu ya mahindi. Nililinusa, nikaivuta kamba kwa mikono miwili, nikaridhika. Akasema ni mita 70 mfululizo, haina kiungo hata kimoja. Nililipa Sh 30,000 bila kuomba nipunguziwe.

Lazima niseme ukweli: nusu ya kwanza ya rola lile ilikuwa kamba bora kuliko zote nilizowahi kushika. Kiti changu ni kipana mbele kuliko nyuma, kwa hiyo nilianza kwa kujaza pembe mbili za mbele kwa vipande vifupi nilivyovipigilia misumari midogo upande wa ndani, hadi nafasi iliyobaki mbele ikalingana na upana wa nyuma; anayeiruka hatua hiyo kikalio chake huenda kombo, na hakuna namna ya kukinyoosha baadaye. Kisha kamba ikaanza safari yake: inapita juu ya ubao wa mbele, inazunguka chini, inapanda kwa ndani, inalala juu ya ubao wa kushoto, inazunguka tena chini, halafu inavuka kwenda kulia kufanya vivyo hivyo, kisha nyuma. Ukimaliza pembe zote nne umepata mzunguko mmoja, na kadiri mizunguko inavyoongezeka, pembetatu nne zinakua kutoka pembeni zikisogeleana katikati. Kila baada ya mizunguko mitatu nilizisukuma kamba zikaribiane kwa kipande cha ubao na nyundo. Jioni ya siku ya kwanza mume wangu alizigonga kwa kidole zile zilizokwisha kulazwa, zikalia kama ngoma iliyowambwa vizuri. Siku hiyo ningeulizwa, ningelisifia duka lile mbele ya mtu yeyote.

Siku ya pili, kiti kikiwa kimebaki robo tu, kamba ilianza kubadilika mkononi. Kwanza rangi, nikadhani ni kivuli cha taa. Halafu harufu, ile ya gunia lililolala kwenye tope. Nikaufungua moyo wa rola wote sakafuni, nikakuta kiungo: vipande viwili vimeunganishwa kwa uzi na kuzungushiwa soltepu ya kahawia, na mbele yake kiungo kingine. Kabla sijaamua la kufanya, ile iliyokuwa mkononi mwangu ilikatika. Haikukatika kwa mlio. Iliachia tu, kimya, kama jino la mtoto lililokuwa likicheza, na nilipozisugua nyuzi zake kwa dole gumba ziligeuka unga wa kijivu.

Asiyewahi kuwamba kiti huenda asielewe kwa nini nililia. Katika usukaji huu kila kamba inashikwa na mvuto wa mwenzake; ikiachia moja, mzunguko wake unalegea, na uliotangulia, na uliotangulia huo. Nilikaa chini nimezing'ang'ania kwa mikono yote miwili, nikimwita mwanangu alete msumari, na bado niliipoteza mizunguko saba.

Katani ina tabia yake inayojulikana. Ikilowa hunenepa na kujikaza, ikikauka hulegea, na ikikaa na unyevu kwa muda mrefu huoza. Nilikumbuka kwamba marola ya duka lile yamesimamishwa juu ya sakafu tupu ya saruji, bila hata ubao wa kuyainua, katika mji ambao mvua zake huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Nadhani hapo ndipo ile ya ndani ilipoozea. Hilo ningelisamehe, maana ni uzembe. Kuunganisha vipande vibovu na kuvificha katikati ya rola zuri si uzembe.

Nilirudi dukani nikiwa na kipande mkononi. Kijana wa siku ile alikuwa ndani akipanga mabomba. Kaunta alikuwepo mwanamume wa makamo, ambaye hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. Nilimsalimu, nikamweleza taratibu, nikamwekea kipande mezani. Akajibu, "Hatupokei mali iliyokwisha kukatwa." Nikamwambia, "Baba, mimi sikuikata. Imekatika." Ndipo akasema maneno ambayo hadi leo yananikosesha usingizi: "Mama, kamba ni kamba. Kama unataka ya kudumu kanunue manila."

Kamba ni kamba! Maneno hayo anaambiwa mteja katika nchi ambayo mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukaenea Tanga na Morogoro hadi Tanganyika ikawa ya kwanza duniani kwa kuzalisha katani. Tena anaambiwa katika nyanda hizi za juu kusini, ambako ni mwendo wa saa chache tu kufika Iringa kwa akina mama wanaosuka vikapu vya milulu, mikono yao ikitambua unyasi mzuri na mbaya kabla macho hayajauona. Hapa kwetu watu wanajua kusuka. Anayeuza kamba bila kujua tofauti ya katani nzima na iliyooza, au akaijua na kukufokea, hastahili kukaa kaunta.

Nilitoka nimeazimia kutolikanyaga tena duka lile, na kumwonya kila ninayemfahamu kuanzia Uyole hadi Mafiati. Nilikuwa nimefika kituo cha daladala niliposikia mtu akiniita kwa nyuma. Ni yule kijana, anahema, mkononi ana kamba iliyokunjwa. "Samahani sana mama. Hii nimeikata kwenye rola jipya, nimeikagua yote. Chukua umalizie kiti." Nilipoipima nyumbani ilikuwa mita 15 na ushee, safi, inanukia majani makavu. Hela alikataa katakata.

Sasa nitoe hukumu gani? Kiti kimekwisha. Nilifungua yote iliyolegea, nikaiunganisha kamba mpya kwa fundo nililolificha upande wa chini, na katikati ya kikalio kuna mstari mweupe kidogo kuliko kamba nyingine, ambao mgeni hauoni lakini mimi ninauona kila siku. Wageni wamekikalia, hakijashuka hata kidogo. Kwa kamba yenyewe, ile iliyo nzima, sijaona duka jingine hapa mjini lenye katani nzuri namna hiyo, na ingekuwa dhuluma kumwambia mtu asiende. Lakini nikikumbuka kwamba kijana yule huenda aliilipia kamba ile kutoka mfukoni mwake, akiibeba aibu ya mtu mzima aliyeshindwa hata kuinua macho, hasira inanirudia yote.

Viti vingine viwili vinasubiri. Nikimkuta kijana kaunta nitanunua, na rola litafunguliwa lote mbele yangu, hadi moyo wake, kabla sijatoa hela. Nikimkuta yule mwingine, nitageukia mlangoni.