Siku Moja Dodoma Kati ya Treni Mbili: Uzoefu Wangu na Gari la Kukodi

Kazi yangu ni kupokea wageni wa meli za kitalii, Dar na mara nyingine Zanzibar. Meli ikifunga gatini asubuhi, watu wanashuka wakiwa na saa chache tu: waone mji, wale, wanunue vya kupeleka kwao, na jioni wawe wamesharudi ndani. Kwa hiyo mama mdogo alipotangaza kwamba anataka kuiona Dodoma kabla hajafa, "na silali huko, nina kuku wangu", niliipanga safari yake kama ninavyompangia mgeni wa meli. Saa ya kurudi kwanza, mengine yafuate.

Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma Julai 2024, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo kumekuwa jambo la kawaida. Kwa basi ni kilomita 450 hivi, siku inakwisha ukiwa kitini. Kwa treni hiyo ya SGR, ukiondoka Dar alfajiri unashuka Dodoma jua halijakolea, na nauli ya daraja la kawaida ilipotangazwa ilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima. Treni yenyewe siisemi sana, wengi wameshaieleza. Ninachotaka kukieleza ni huduma ya gari na dereva tuliyemkodi kututembeza kutwa nzima. Namba yake nilipewa na mwenzangu wa kazini. Jina lake nalihifadhi, kwa sababu kuna la kumsifu na kuna la kumsema.

La kumsifu lilianza kwenye simu. Wengi ukiwapigia wanakuuliza mnataka kwenda wapi, mko wangapi, mnalipaje. Yeye swali la kwanza: "Treni yenu ya kurudi inaondoka saa ngapi?" Nilipomtajia, akahesabu kurudi nyuma: abiria anatakiwa awe stesheni mapema, kuna foleni ya ukaguzi wa mizigo na vitambulisho, basi yeye saa kumi atakuwa ametushusha mlangoni, tupende tusipende. Hapo hapo nikamkubali.

Mtu asiyefanya kazi bandarini anaweza kuona ni woga. Machi 2024 abiria wanane wa meli moja kubwa waliachwa São Tomé baada ya matembezi waliyojipangia wenyewe kuchelewa kurudi. Wakaikimbiza meli nchi kwa nchi hadi Gambia, kumbe meli imeshindwa kutia nanga pale, na mwisho wakaipandia Dakar, Senegal. Matembezi yakinunuliwa kwa meli yenyewe, kwa kawaida meli huwasubiri watu wake au huwatafutia njia ya kuifuata. Ukijipangia, ni juu yako. Kwenye treni hata tiketi iwe ya nani, hakuna wa kukusubiri.

Malipo tuliyokubaliana yalikuwa laki moja na nusu kwa gari aina ya Noah, mafuta ndani yake. Aliomba elfu hamsini ya kutangulia. Nilipoingiza namba, jina lililotokea kwenye simu lilikuwa ni lile lile alilojitambulisha nalo, nikatuma. Lingetofautiana, nisingetuma hata kama angeniapia. Kila mji unaopokea wageni una watu wa "tuma kwa namba hii ya ndugu yangu".

Asubuhi tulimkuta nje ya stesheni, shati limepigwa pasi, gari limeoshwa. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, hujambo?" Akampokea mkoba, akamfungulia mlango. Mama mdogo akakaa, akapapasa kulia, akapapasa kushoto, hakupata kitu. Gari lilikuwa limevishwa kava mpya za viti, zile nene zenye maua, na mikanda yote ya nyuma ilikuwa imezikwa chini yake. "Baba, mkanda wangu uko wapi?" "Upo mama, umefunikwa tu." "Basi ufunue. Mimi nina wajukuu." Ilibidi achomoe kava upande mzima, akatoa vifungo kimoja kimoja vikiwa na makombo ya karanga, ndipo tukaondoka. Aliomba radhi vizuri, lakini nyota inaanza kukatika hapo. Gari la kubeba wageni likae na mikanda ikionekana. Kava ni pambo.

Mpango wake wa njia ndio ulionifurahisha zaidi. Mgeni anayeshushwa mjini hutaka aanze na yaliyo karibu, kisha mchana ndipo akumbuke kwamba kuna kitu kizuri mbali. Huyu alianza na mbali. Tulitoka moja kwa moja kuelekea kaskazini kwa barabara ya Arusha hadi Makutupora kwenye zabibu, tukarudi tukisimama Msalato, tukamalizia mjini, ili kila saa inayopita tuwe tunasogea kuelekea stesheni. Wageni wa meli nawaambia hivyo hivyo kila siku na hawasikii.

Makutupora, kwa wasiojua, ziko mbili. Ile inayotajwa kwenye habari za reli iko Manyoni, mkoa wa Singida. Ya zabibu iko hapa Dodoma, njia ya Kondoa na Babati. Ukimwambia mtu wa bajaji "Makutupora" bila maelezo anaweza akakucheka kwanza.

Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na sisi tulikuta mavuno ya miezi ya Agosti na Septemba. Mizabibu imepandwa kwa mistari, imetandazwa kwenye nyaya, na chini ya majani vinaning'inia vichala vyeusi vyenye vumbi la kijivu ambalo ukiligusa linaacha alama ya kidole. Mzee mwenye shamba alitusalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", mama mdogo akaitikia kwa Kizaramo, wakaelewana. Alitufundisha kubeba: boksi, gazeti chini, vichala visilale vitatu juu ya kimoja, na zisioshwe mpaka tufike nyumbani, kwa sababu zabibu iliyolowa haiwahi Dar ikiwa nzima. Na usiulizie mfuko wa nailoni, hiyo ilipigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019. Wageni wangu wa meli wengi hukunja nyuso wakiambiwa hivyo.

Tulikuwa tumechagua Jumamosi kwa makusudi, kwa sababu ndiyo siku ya mnada wa Msalato. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo palipokuwa na raha yote na hatari yote. Kabla hatujashuka garini dereva alizima injini akageuka nyuma. Simu zote mfukoni, isiwepo ya kushikwa mkononi. Hela ya nyama na ya vitu vidogo mfuko wa mbele, nyingine ndani ya nguo. Mkoba wa mama ukae tumboni. Tukipotezana, tukutane chini ya mti ule pale, si kwenye gari, kwa sababu magari yatakuwa yameongezeka na hamtalijua. Na msipite nyuma ya ng'ombe aliyefungwa. Alimaliza kwa dakika mbili, hakututisha.

Ndani ni vumbi, mbuzi wanaovutwa miguu, mitumba, sufuria, dawa za mifugo, vijana wa Kimaasai wakipigiana mahesabu ya ng'ombe, na kila mahali moshi. Mapande ya mbuzi yanachomekwa kwenye vijiti vinavyozunguka moto, yanaiva taratibu kwa pembeni, mafuta yakidondokea majivuni. Unachagua pande lako, linapimwa unaona, kisha linarudi motoni kumaliziwa. Hilo la kuona ni muhimu: nyama iliyokwisha katwa na kupoa mezani usiiguse, hata ukipunguziwa bei. Yetu ilikatwakatwa mbele yetu juu ya ubao, chumvi pembeni, pilipili pembeni, ikaja inawaka. Mama mdogo aliomba maji ya kunawa mara mbili na sabuni mara moja, akavipata. Kachumbari nilimwambia aiache, kwa sababu sikujua imeoshwa kwa maji gani, na saa nne kwenye treni na tumbo linalonguruma si mchezo. Maji ya kunywa tulikuwa nayo ya chupa. Jua la Dodoma halikutoi jasho kama la Dar, kwa hiyo unakauka bila kujua. Kunywa hata kama huna kiu.

Wakati tunatoka, kijana mmoja alipita karibu sana na mama mdogo, akapotea, akarudi tena kwa upande wa pili. Mimi nilikuwa bado najiuliza. Dereva, aliyekuwa anatembea hatua moja nyuma yetu muda wote, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kijana, mbona unatusindikiza?" Watu watatu wakageuka kumtazama. Yule kijana akacheka, akaingia kwenye mitumba na hatukumwona tena. Hakuna ngumi, hakuna kelele za mwizi, na mama mdogo mwenyewe alidhani ni mtu wanayefahamiana.

Sasa la kumsema. Tulipokuwa tunaingia mjini, gari likakata kona ambayo haikuwa kwenye mpango, tukasimama mbele ya duka la mvinyo. "Dakika tano tu, mwone na mvinyo wetu." Kwenye biashara hii tunajuana. Muuzaji alishaanza kumimina vikombe kabla hatujakaa, na dereva akawa amepotelea nyuma ya duka na simu yake. Kamisheni si dhambi, nami nakula kwayo, lakini mgeni aulizwe kwanza, tena huyu mama hanywi. Dakika tano zikawa karibu nusu saa, na nusu hiyo ilitolewa kwenye muda wa mjini. Nilipomwambia hakubisha, wala hakujitetea, na mwisho alikataa ile elfu kumi ya juu niliyotaka kumpa. Hiyo nayo naiandika.

Mjini kwa hiyo palikuwa pa haraka. Picha Nyerere Square, chini ya sanamu ya Mwalimu. Kisha Msikiti wa Gaddafi, uliofunguliwa 2010 na unaochukua waumini wapatao elfu tatu. Mama mdogo akaswali adhuhuri yake kwa utulivu huku sisi tunamsubiri kivulini, na akatoka amependeza kuliko alivyoingia. Bunge tulilipita kwa nje. Hapo dereva alisema mapema simu zishuke, penye askari hapapigwi picha, na kwamba anayetaka kuingia ajipange kabla na avae kiheshima. Alituambia pia tusije kwa mtindo huu wa siku moja wakati wa Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni: mji unajaa, na msafara wa kiongozi mmoja ukipita mnasimamishwa barabarani mpaka uishe. Ndiyo maana anaweka akiba ya muda kubwa. Mtumba kwenye mji wa Serikali hatukwenda, wala sikulilia, majengo ya wizara nitayaona siku nikiwa na shida nayo.

Kuna watu wameniuliza kama michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, ile iliyoingia Urithi wa Dunia 2006, inaingia kwenye siku kama hii. Dereva mwingine niliyempigia kabla ya huyu aliniambia inaingia, "tutakimbiza kidogo". Kondoa mjini tu ni zaidi ya kilomita 150 kutoka Dodoma, na Kolo iko mbele yake, halafu kuna kupanda miamba kwa miguu. Anayekwambia atakimbiza, mshukuru ukate simu. Kolo inataka ulale.

Saa kumi kasoro dakika kumi tulikuwa mlangoni mwa stesheni. Alishusha boksi la zabibu mwenyewe, akasubiri mpaka ameona tumeingia na vitambulisho vimekubaliwa, ndipo akaondoka. Foleni ya mashine ya mizigo ilikuwa ndefu, na nyuma yetu kuna familia iliyoshuka kwenye bajaji ikikimbia, mtoto analia, baba anatafuta tiketi kwenye simu isiyo na chaji. Sisi tulikuwa tumekaa, mama mdogo amevua viatu.

Kwa jumla nampa nyota nne kati ya tano: moja iliyokatika ni ya mikanda na duka la mvinyo kwa pamoja. Anafaa zaidi kwa wenye wazee au watoto, na kwa anayetoka Dar kwa mara ya kwanza. Wakiwa vijana wawili wanaojua mji, bajaji zitawatosha kwa ya mjini, wapatane bei kabla ya kupanda, ila kwa Msalato na Makutupora bado ningechukua gari. Nitampigia tena mavuno ya Februari na Machi, na nimeshamwambia: kava zibaki nyumbani, na dukani aende peke yake.