Kiyoyozi cha nyumba ya familia Malindi: kipi kinunuliwe kwanza na kipi kiachwe dukani

Joto la Malindi si kali kama la Garissa, lakini mtu aliyelala Maweni au Muyeye mwezi wa Machi, Kaskazi inapokufa na Kusi haijaanza kuvuma, anajua kwamba kipimajoto hakisemi yote. Mchana huonyesha nyuzi 31 au 32, na usiku hushuka hadi 25 hivi. Kinachomkosesha mtu usingizi ni fukuto, yaani hewa iliyojaa unyevu kiasi kwamba jasho halikauki mwilini. Ninaanza na jambo hili kwa sababu ndilo linaloamua kiyoyozi gani kinunuliwe. Mashine hii ina kazi mbili: hushusha joto la hewa, na huikausha kwa kuugeuza mvuke wake kuwa maji juu ya mabomba baridi, maji yale yale tunayoyaona yakitona nje ya ukuta. Hapa pwani kazi ya pili ni nzito kama ya kwanza, na wauzaji wengi hawaitaji kabisa.

Ukubwa wa kiyoyozi hutajwa kwa Btu kwa saa, yaani kipimo cha joto linaloondolewa chumbani kwa saa moja, na madukani hutajwa pia kwa nguvu za farasi: Btu 9,000 huitwa farasi moja, 12,000 farasi moja na nusu, na 18,000 farasi mbili. Kwa chumba chenye dari ya kawaida, hesabu ya kuanzia ni Btu 600 kwa kila mita ya mraba, pamoja na 600 nyingine kwa kila mtu anayezidi wawili. Chumba cha watoto watatu chenye mita 3 kwa 4 kinahitaji 7,200 na 600, jumla 7,800, kwa hiyo mashine ya 9,000 inatosha bila wasiwasi. Ikiwa juu ya dari ni mabati matupu, au dirisha kubwa linatazama magharibi, ongeza thuluthi. Chumba hicho hicho kitataka mashine ya 12,000.

Wanunuzi wengi husikia hesabu hii kisha wakaamua kuchukua kubwa zaidi ili wawe salama, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Niliweka mashine ya 18,000 katika chumba cha mita za mraba 14, kwa ushauri wa muuzaji aliyeniambia kwamba kubwa haichoki. Ilikipoza chumba kwa dakika chache, ikazima, ikawaka tena, ikazima, usiku kucha. Hewa ilikuwa baridi, ila haikupata muda wa kukaushwa; shuka zilikuwa na umajimaji, na kabla ya mwaka kwisha ukungu mweusi ulikuwa umeota nyuma ya kabati. Mashine ndogo inayofanya kazi kwa muda mrefu hukausha hewa vizuri kuliko kubwa inayoshtuka na kulala.

Kabla ya kwenda dukani, tazama juu. Paa la makuti ni zuri kwa kupumua, na kwa sababu hiyo hiyo halifai kwa kiyoyozi: hewa iliyopozwa hutoroka na yenye mvuke huingia mfululizo. Chumba cha makuti lazima kwanza kiwekewe dari iliyozibwa pembezoni. Nyumba ya mabati isiyo na dari nayo itakula umeme bila kupoa, na pesa za dari, pazia zito na mpira wa kuziba chini ya mlango zitakuletea faida kubwa kuliko kupanda daraja moja la ukubwa wa mashine.

Sasa nizipange kwa mpangilio ninaouamini kwa familia ya hapa.

Nafasi ya kwanza naipa spliti yenye inveta, mashine moja kwa kila chumba cha kulala. Spliti ni ile yenye sehemu mbili, ya ndani ukutani na ya nje yenye kompresa, yaani pampu inayoisukuma gesi ya kupozea, zikiunganishwa kwa mabomba ya shaba. Inveta ni saketi inayobadilisha mwendo wa kompresa, ili chumba kikishapoa iendelee kuzunguka polepole badala ya kuzima na kuwaka, na katika hewa yenye unyevu mwendo huo wa polepole ndio tunaoutaka. Isichanganywe na inveta ya sola. Nimekutana na zaidi ya mtu mmoja aliyedhani amenunua kiyoyozi cha kutumia betri, kwa kuwa neno hilo limeandikwa kwenye boksi.

Kuhusu umeme, mashine nzuri ya 9,000 huvuta takriban wati 800 ikifanya kazi kwa nguvu zote. Kwa saa nane hizo ni yuniti sita na ushei. Yenye inveta, katika chumba kilichozibwa vizuri, inaweza kutumia karibu nusu yake. Tuseme inaokoa yuniti mbili kwa usiku, na kwamba mnaitumia siku 180 kwa mwaka: hizo ni yuniti 360. Zidisha kwa bei ya yuniti iliyo kwenye tokeni yako ya mwisho, kisha linganisha na tofauti ya bei ya mashine mbili dukani. Kumbuka pia kwamba nyumba inayozidi yuniti 100 kwa mwezi hutozwa kwa daraja la juu, na viyoyozi viwili vitakuvusha hapo kwa urahisi. Tazama lebo ya nyota za matumizi ya umeme, ambapo nyota tano ndizo bora, na usome aina ya gesi ya kupozea iliyoandikwa ubavuni mwa mashine. Chagua R32, ambayo uwezo wake wa kuongeza joto duniani ni mara 675 ya ule wa kaboni dioksidi, ilhali wa R410A ni mara 2,088. Mashine ya mtumba yenye R22 usiipokee hata kwa bure: gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni na inaondolewa sokoni chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, kwa hiyo kuijaza kutazidi kuwa ghali.

Ya pili ni spliti ya kawaida isiyo na inveta. Kwa chumba cha wageni kinachotumiwa mara chache kwa mwezi, hakuna sababu ya kulipia inveta. Aidha, hitilafu yake ya mara kwa mara ni kapasita, kile kifaa kidogo kinachoisaidia kompresa kuwaka, ambayo fundi yeyote mjini huibadilisha, ilhali bodi ya inveta ikiungua kwa umeme unaopanda na kushuka, huenda ukaisubiri kutoka Mombasa. Yeyote anayenunua inveta na anunue papo hapo kifaa cha kukinga umeme.

Ya tatu ni ile yenye mashine moja ya nje inayohudumia vyumba viwili hadi vinne. Inapendeza machoni, lakini kompresa ikifa nyumba nzima inarudi kwenye fukuto siku moja. Naiona inafaa pale tu ambapo hakuna nafasi ya mashine nyingi za nje, mathalani katika Mji wa Kale wa Lamu, uliomo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Huko kuning'iniza masanduku juu ya vichochoro ni kuharibu mji, na mahali pa staha ni juu ya paa bapa.

Ya dirishani huja ya nne: ina kelele, na inadai tundu kubwa ukutani, ila mpangaji anaweza kuhama nayo. Ya tano ni ile ya magurudumu yenye bomba moja la kutolea hewa dirishani. Kosa lake ni la kimaumbile, kwa sababu kila hewa inayoisukuma nje hulazimisha hewa ya nje, yenye joto na mvuke, kuingia kupitia mianya ya mlango. Mfumo wa mabomba makubwa ya hewa juu ya dari ni wa hoteli. Familia iachane nao.

Ya mwisho kabisa ni feni ya maji, inayouzwa kwa jina la kipoza hewa na kusifiwa kwa kutumia umeme kidogo. Hupoza kwa kuyageuza maji kuwa mvuke, na hufanya hivyo vyema katika hewa kavu ya Garissa. Malindi, ambako hewa haina tena nafasi ya mvuke, inakuongezea kile kile unachokikimbia. Feni ya dari ya wati 70, ikizungushwa pamoja na kiyoyozi kilichowekwa nyuzi 26, ina manufaa zaidi, kwa maana ngozi huhisi ubaridi ambao ungedai rimoti ishushwe hadi 24.

Baada ya kuchagua, linabaki suala la chumvi. Kaskazi na Kusi zote hutufikia zikitoka baharini, hivyo ukuta wa mashariki ndio unaopigwa na chumvi mwaka mzima, na ukuta wa magharibi nao hupigwa na jua la alasiri. Mashine ya nje ikae upande wa bara, chini ya kivuli kisichoziba pumzi yake, ikishikiliwa kwa bolti zisizoshika kutu. Dai mapezi ya alumini, yale mabamba membamba ya kutolea joto, yaliyopakwa kinga. Yaoshwe kwa maji ya bomba kila mwezi kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Maji ya kisima chenye chumvi ni adui yule yule kwa jina jingine.

Fundi asiruhusiwe kufungua gesi kabla ya kufyonza hewa na unyevu katika mabomba kwa pampu yake, kazi isiyopungua dakika 15. Wapo wanaoachia gesi kidogo ili isukume hewa nje, na madhara yake huonekana baada ya mwaka, dhamana ikiwa imekwisha. Kiyoyozi kiwe na waya wake kutoka kwenye breka yake, na athi ya kweli, yaani waya unaoupeleka ardhini umeme unaovuja. Bomba la maji literemke moja kwa moja hadi nje bila kupanda popote, kwani maji yakirudi ndani, ukuta wa matumbawe uliopigwa chokaa huyanywa kimya kimya na kuanza kubambuka rangi. Kabla ya kumlipa fundi salio lake, funga mlango, washa kwa saa nzima, kisha toka nje uangalie: bomba liwe linatona maji, na ukuta ulio chini ya mashine ya ndani uwe mkavu ukiupapasa kwa kiganja.