Skana ya ELM327 na sensa ya joto la hewa: inakufikisha wapi?

Wadau wa magari, karibuni. Hiki kidude mkononi ni skana ya ELM327, ya kusoma misimbo ya hitilafu za gari kupitia simu, ya bluetooth, kopi kama zile zote mnazoziona madukani. Elm Electronics ya Kanada, waliobuni chipu yenyewe, walishafunga kazi 2022, kwa hiyo anayekuapia kwamba yake ni orijino mpya, mwache aape. Leo naipima kwa kazi moja: taa ya chekinjini imewaka, na mtu ameshakwambia ukanunue sensa ya joto la hewa.

Gari hili ni Toyota, injini 1NZ. Msiitafute sensa hiyo peke yake. Imo humohumo ndani ya sensa ya mtiririko wa hewa, ile yenye plagi ya waya tano baada ya eya klina. Ndiyo maana kubahatisha kunauma: unanunua sensa mbili kwa ugonjwa wa moja.

Nimechomeka skana chini ya usukani, nimefungua programu ya Car Scanner. Msimbo ni P0113. Wengi hapa huzima simu wakakimbilia spea. Subirini kwanza. Ingieni kwenye data za papo hapo, mtazame joto la hewa inayoingia. Mnaona? Nyuzi 40 chini ya sifuri. Dar es Salaam, mchana huu! Hiyo ni saketi iliyokatika: ama sensa, ama waya, ama plagi haijakaa. Ingekuwa shoti mngeona P0112, na joto limepanda mpaka nyuzi 140.

Hadi hapa skana imefanya kazi yake vizuri, ila kilichokatika ni kipi, haijui. Sasa multimita. Swichi OFF, plagi nimechomoa, napima ukinzani kwenye pini mbili za sensa: THA, inayobeba ishara ya joto, na E2, ambayo ni ethi yake. Kwa nyuzi 20 Toyota wanataka kilo-omu 2.21 hadi 2.69, na joto likipanda ukinzani unashuka. Kwenye nyuzi 60 haufiki hata kilo-omu moja. Hapa napata 1.6. Kwa jua hili, sensa ni nzima.

Tugeukie waya. Upande wa plagi nagusanisha THA na E2 kwa kipande cha waya, swichi ON, injini sijawasha. Waya zikiwa nzima, skana inaruka hadi 140. Kwenye plagi hiyohiyo kuna waya wa volti 12, kwa hiyo hakikisheni pini kwanza, msije mkaichoma kompyuta ya gari. Haya... bado -40. Basi tatizo ni waya, na huu hapa, umekatikia ndani ya gamba lake, nyuma kidogo ya plagi. Kuna mtu alibadilisha eya klina akavuta waya badala ya kubonyeza kilipu. Tunaunganisha, tunafuta msimbo, hakuna sensa iliyonunuliwa.

Halafu kuna sensa inayodanganya kidogo, na hiyo naiogopa kuliko iliyokufa. Iliyokufa, kompyuta ya Toyota inaiweka pembeni na kuchukulia hewa ni nyuzi 20, gari linatembea. Inayosema 5 wakati hewa ni 30 inaweza isiwashe taa kabisa, huku hesabu za injini zikipotoka. Msimbo hautakusaidia. Asubuhi, injini imelala usiku kucha, washa swichi tu, linganisha joto la hewa na joto la kulanti, yaani maji ya kupoza injini. Yakitofautiana sana, mmojawapo anasema uongo.

Nisichokipenda: gari nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani, hasa za zamani kidogo, hazielewani na skana hizi, au zinataka mipangilio ya ziada kwenye programu. Hili limekubali, lako linaweza kugoma. Ichomeke kwenye gari lako palepale dukani kabla hujatoa hela. Ikigoma, hela hiyo nunulia multimita. Chomoa plagi ya sensa, swichi ON, pima volti kati ya THA na bodi ya gari: ukipata karibu volti 5, waya huo unafika kwenye kompyuta. Usipoipata, anza kuufuata waya.